Sifa-zuka Shirika: Undugu wa Samaki Umo Mifupani

Katika Ziwa Tanganyika wamo samaki waitwao sangala na kibebe, wawindaji wenye magamba yanayong'aa. Kambale ana ngozi tupu na sharubu. Kwa macho, ungesema sangala na kibebe ni ndugu, na kambale ni mgeni wao. Mifupa inakataa.

Chemsha kibebe, kisha ondoa nyama taratibu nyuma ya kichwa. Kandokando ya pingili za kwanza za uti wa mgongo utakuta vifupa vidogo vilivyofungamana kama mnyororo. Vinaunganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani: sauti ikitikisa kibofu, vifupa huufikisha mtikisiko sikioni. Kambale pia anavyo, ingawa kwake vimepungua. Sangala hana.

Mjerumani Ernst Heinrich Weber alivieleza vifupa hivyo mwaka 1820, akavipa majina ya vifupa vya sikio la binadamu: nyundo, fuawe na kikuku. Kazi inafanana, lakini chimbuko ni tofauti. Vya samaki vimetokana na pingili na mbavu zake. Vyetu vimetokana na mifupa ya taya na matamvua ya mababu wa kale. Ndiyo maana majina hayo yalibadilishwa baadaye.

Mwanasayansi mwingine wa Kijerumani, Willi Hennig, alitoa istilahi inayotuepusha na kosa hilo la kuchukua kufanana kuwa undugu: sinapomofia. Ni sifa mpya iliyozuka kwa babu mmoja, wazao wake wakairithi kwa pamoja. Kwa Kiswahili, wapo wanaoridhika na "sifa ya pamoja". Haitoshi. Magamba ni ya pamoja kwa sangala na kibebe, lakini ni urithi wa zamani mno. Kambale ndiye aliyeyapoteza. Hayathibitishi kwamba sangala na kibebe ni ndugu wa karibu. Vile vifupa vya nyuma ya kichwa ndivyo sinapomofia: vinawaunganisha kibebe na kambale.

Napendekeza "sifa-zuka shirika". Kuzuka kunabeba upya wake, shirika linabeba urithi wa pamoja. Tena inazaa mwenzake: sifa ya zamani, kama magamba, tuiite "sifa-kale".

Vinasaba navyo vimeafiki: kibebe na kambale ni wa ukoo mmoja. Mwalimu wa biolojia, anza somo na kichwa cha samaki mezani, kisha uwape wanafunzi istilahi hiyo kwa Kiswahili.