Subaru ya kaka na kiwanja cha Ihumwa

Nimekuwa kimya wiki mbili, mnisamehe. Testi zilifuatana, halafu nyumbani kukazuka jambo ambalo limeninyima usingizi kuliko hata hizo testi. Leo nalitoa lote, maana mimi ni mtu wa History na jambo lenyewe limejaa historia.

Kaka yangu mkubwa ananunua mahindi Kibaigwa. Tangu nimjue anaipenda Subaru Impreza yenye tabo, ile yenye tundu la hewa juu ya boneti. Mwezi uliopita kaiona moja kwenye mtandao wa wauzaji wa Japan, ya mwaka 2005, rangi ya bluu. Akapiga simu usiku: "Mdogo wangu, tuuze kile kiwanja cha marehemu mzee pale Ihumwa. Mama hatakubali mpaka na wewe usaini. Wewe ni msomi, nisaidie." Nikamwambia kaka nipe wiki moja, nikaingia maktaba badala ya kusoma Curriculum.

Swali langu la kwanza lilikuwa: hii ndoto ilimwingiaje? Jibu lipo Kenya. Mbio za Safari zilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara zenyewe ni vumbi, mashimo na tope. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, na 1968 tena 7! Ndiyo maana viwanda vya nje vilizitamani. Gari likishinda Safari hakuna wa kukubishia kwamba ni imara. Wajapani walilielewa hilo mapema. Datsun ilishinda 1970, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mara tano, ya kwanza 1973, kisha nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Joginder Singh wa Kenya akashinda na Mitsubishi Lancer 1974 na 1976. Halafu 1997 Colin McRae akaja na Impreza ya bluu akashinda, na 2000 Richard Burns akarudia na Impreza. Mwaka 1997 kaka alikuwa na miaka saba. Karatasi ya kalenda yenye picha ya gari lile aliibandika ukutani chumbani kwetu, na ilikuwepo mpaka ikawa rangi ya chai.

Lakini kuwa na ndoto ni jambo moja na gari kufika Dodoma ni jambo lingine. Ukiwauliza wazee wa hapa mjini watakwambia zamani magari yaliingizwa na shirika la umma, State Motor Corporation, na wa kupewa walikuwa wachache. Kulikuwa hata na kipindi ukitaka kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya saa 8 mchana lazima uwe na kibali, ili kubana mafuta. Mwaka 1984 Serikali ikaanza kuruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na mambo ya "ruksa" mnayajua. Mlango ukafunguka.

Kule Japan nako kulikuwa na sababu zake. Gari la kwao likitimiza miaka mitatu linaenda ukaguzi uitwao shaken, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama zake zinauma. Wengi wanaona bora wauze. Na kwa kuwa wao wanaendesha kushoto na usukani upo kulia kama sisi, gari likishuka bandarini Dar linaingia barabarani bila kubadilishwa. Ndio hivyo tukajaza Mark II, Altezza, Noah, mpaka vijana wanajuana kwa namba: huyu namba C, yule namba D.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana kaka alinitumia bei ya gari tu, akasahau (au akajisahaulisha) mengine. Impreza hiyo ina injini ya sentimita za ujazo 1,994, kwa hiyo inaponea chini ya 2,000. Ushuru wa forodha 25%. Ushuru wa bidhaa 5%. Kwa kuwa imezidi miaka 10, ongeza 30% ya uchakavu. Halafu VAT 18% juu ya hayo yote. Nilipozidisha nikapata kwamba gari likifika bandarini kwa milioni 10, kodi nayo inakaribia milioni 10, na tozo ndogondogo bado. Na kumbuka TRA wana makadirio yao ya thamani, hawaangalii risiti yako peke yake. Afueni ni moja: ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017, ikahamishiwa kwenye mafuta. Lakini wenye tabo ndio wanywaji wakubwa wa mafuta, sasa hapo nani kapona?

Halafu injini zile zilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, na mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000. Gari la miaka ishirini utajuaje mwenzako aliubadilisha? Nguvu za farasi 280 utazitumia wapi? Kutoka hapa mpaka Dar kila kijiji ni 50, trafiki na tochi yake wapo, na kosa moja ni 30,000.

Ila kilichonigusa zaidi nilikikuta nikiwa nimeshakata tamaa ya kutafuta. Mwaka 1966 na 1967 Safari ilishindwa na dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, Bert Shankland, na msoma ramani wake Chris Rothwell. Gari lao Peugeot 404! Gari la familia, la kupelekea watoto shule. Na ile miaka miwili ambayo yalifika magari 7 tu, 1963 na 1968, mshindi alikuwa Nick Nowicki, naye na 404. Impreza ya McRae ilikuwa na mafundi wakiisubiri njiani na helikopta juu ikiangalia mbele kuna ng'ombe au hamna. Kaka ana fundi mmoja pale Kibaigwa, na hodari wa Fuso.

Na kiwanja je? Mji huu ulitangazwa makao makuu 1973. Mzee alinunua pale Ihumwa wakati ni vichaka na watu wanamcheka, akasema Serikali itakuja tu. Ilitangaza kuhama 2016, yeye keshafariki. Leo Mtumba pale jirani ndiko kwenye Mji wa Serikali. Kile kiwanja kila mwaka kinapanda na ile Subaru kila mwaka inashuka.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Nikamsomea kaka haya yote mbele ya Mama. Mama akauliza swali moja tu: "Hilo gari linabeba magunia mangapi?" Nikacheka. Kaka hakucheka. Akasema, "Na wewe umesahau ile kalenda?"

Hapo nilishindwa kujibu, wadau. Sijaisahau. Nilikuwa nailalia macho kila usiku.

Sijasaini na sitasaini. Nimemwambia kiwanja cha mzee kibaki, lakini akiinunua kwa faida ya mahindi yake mwenyewe, mimi nitakuwa wa kwanza kukaa kiti cha mbele, na mafuta ya siku hiyo nitachangia kutoka kwenye bumu. Mpaka naandika hapa hajapokea simu yangu. Kesho nitapiga tena.