Safu ya lugha: Shwari

Waumini wengi wa bara wamelizoea neno shwari msibani kabla ya kulisikia baharini. Limo katika Tenzi za Rohoni, kwenye wimbo wa Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago. Novemba 1873 meli ya Ville du Havre iligongana na nyingine katika Bahari ya Atlantiki, ikazama. Binti zake wanne walikufa, mkewe Anna akaokolewa. Spafford alivuka bahari ileile kumfuata, na wimbo ukatokana na msiba huo.

Kwa Kiingereza, amani yake inafananishwa na mto. Mfasiri wa Kiswahili aliachana na mto akachukua shwari, yaani bahari iliyotulia baada ya upepo kukoma. Kwangu amewapiku wenye wimbo, maana aliyefiwa baharini anatamani bahari ndiyo inyamaze. Tena msomaji wa Biblia ya Union Version hulikuta neno hilohilo katika Marko 4:39, Yesu anapoukemea upepo.

Nahodha wa jahazi, hata hivyo, haipendi shwari ikizidi: tanga hulegea, chombo kikabaki palepale. (Na mitaani "mambo shwari" ni jibu la salamu hata kama mfukoni hamna kitu.)

Wimbo wenyewe unaitaja shida ubavuni mwa shwari, wala haudai kwamba dhoruba haikuwapo. Kwa hiyo wanaouimba ili kuwanyamazisha wafiwa wasilie wanautumia vibaya.