Simu Nzima, Sauti Imefungwa: Programu Zinavyoacha Simu za Zamani

Kwenye meza ya fundi wa simu hapa Kasenyi nimesikia jibu moja mara nyingi: "Simu yako ni nzima. Ni programu ndiyo inaikataa." Betri inashika chaji, kioo hakijapasuka, kadi iko mahali pake. Mwenye simu anabaki kuitazama tu. Ndani kuna sauti za ndugu walio ng'ambo ya ziwa, kule Uganda, na nyingine ni za watu ambao hatunao tena. Wasikilizaji wametuuliza kama ni wizi, au ni antena imeharibika. Si wizi na si antena. Jambo hili lina historia yake, na ni vema tuifahamu, maana kuna watu wanapoteza vitu ambavyo hawakupaswa kupoteza.

Tuchukue WhatsApp, maana tarehe zake zilitangazwa wazi. Ilianzishwa Marekani mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, watu wawili waliokuwa wamefanya kazi Yahoo. Wakati ule simu za kisasa zilikuwa hasa BlackBerry na Nokia. Kampuni yenyewe iliandika baadaye kwamba, ilipoanza, kama asilimia 70 ya simu za kisasa zilizokuwa zikiuzwa zilitumia mifumo ya hizo mbili. Basi ikatengeneza toleo kwa kila aina ya simu, hata kwa zile Nokia ndogo za vibonye zilizoitwa S40. Hilo ndilo lililowavuta watu wenye pesa kidogo. Hukuhitaji simu ya bei kubwa. Uliweka mega chache, ukasalimia ukoo mzima. Februari 2014 Facebook ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Kwa maoni yangu, sehemu ya thamani hiyo ilijengwa na hizo simu ndogo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2016, likaja tangazo kwamba simu hizo zitaachwa. Tarehe zilisogezwa mbele, lakini zikafika: Nokia za Symbian tarehe 30 Juni 2017, BlackBerry tarehe 31 Desemba 2017, na zile S40 tarehe 31 Desemba 2018.

Angalieni sasa tarehe hizo zinavyokutana na zetu. Mwisho wa 2017 Djugu iliwaka tena. Februari 2018 watu wa pwani hii, pamoja na waliokuwa wameteremka kutoka vilimani, walipanda mitumbwi na maboti wakavuka Ziwa Albert hadi Sebagoro, makumi ya maelfu, na wengi wakapelekwa Kyangwali. Wengine walibaki hapa kwenye kambi, au kwa familia zilizowapokea. Mtu aliyekimbia usiku alibeba mtoto, sufuria kama aliiona, na simu. Simu ndiyo ilimwambia nani amefika na nani hajaonekana.

Tarehe 1 Februari 2020 zikaachwa simu za Android 2.3.7 na zilizo chini yake. Tarehe 1 Novemba 2021, jimbo letu likiwa tayari chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 6 mwaka huo, zikaachwa za Android 4.0.4 kurudi nyuma. Tarehe 24 Oktoba 2023 kiwango kikapandishwa hadi Android 5.0. Kwa hiyo simu iliyotoka dukani Bunia mwaka 2013 ikiwa mpya kabisa ilizeeka kambini, bila kuanguka hata mara moja.

Watengenezaji wana sababu zao, na sizidharau. Mfumo wa zamani haupokei tena marekebisho ya usalama, na mwizi wa mtandaoni huingia kwa mlango ambao hakuna anayeufunga. Kila toleo linalotunzwa linahitaji watu wa kulijaribu na kulirekebisha. Wao wanahesabu ni wangapi duniani wamebaki na simu hizo, wanaona ni asilimia ndogo, wanakata. Lakini asilimia hiyo ndogo haikusambaa sawasawa duniani. Imejaa pale ambapo simu inapokelewa kutoka kwa kaka mkubwa, naye aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na pale ambapo pesa ya simu mpya ni pesa ya unga na ya shule.

Sisi wa redio tumezoea jambo tofauti. Redio ya betri ambayo babu alinunua miaka 30 iliyopita bado inashika FM leo, hakuna anayeiambia ibadilishe toleo. (Norway walizima FM kwa stesheni zao za kitaifa mwaka 2017, na hata huko watu walinung'unika.) Ila ndani ya studio nasi tuko kwenye mtego huo huo. Windows XP iliyotoka 2001 iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chip za miaka ya karibuni ambazo kompyuta nyingi za kuchanganyia sauti hazina.

Sasa lile linaloniuma zaidi. Programu inapokataa, mtu anakimbilia kufanya flash akitumaini simu itafufuka. Mara nyingi flash inarudisha Android ile ile, na kumbukumbu yote inafutika. Wengine wanaondoa programu ili waiweke upya, kisha duka la Google linawaambia simu yao haifai. Ndugu, msifanye hivyo kwanza. Kwenye simu hizo za zamani, sauti na picha zimelala ndani ya simu yenyewe, katika folda iitwayo WhatsApp, kisha Media. Sauti ziko Voice Notes. Zinaweza kunakiliwa kwa waya hadi kwenye kompyuta, au kwenye kadi ya kumbukumbu, na programu ya VLC inazicheza bila WhatsApp. Maandishi ndiyo magumu, maana yamefungwa kwa ufunguo.

Anayetaka kujua simu yake iko wapi aingie Paramètres, kisha À propos du téléphone, asome namba ya Android. Na kadi ya SIM msiiache ife: ukifungua akaunti kwa namba ile ile kwenye simu nyingine, hata ya jirani, vikundi vyako vinarudi, na aliye Kyangwali anakuona tena. Namba zake ziandike kwenye karatasi leo, wakati kioo bado kinawaka.