KUTOKA KIHAMBANI HADI NG'AMBO
Historia fupi ya kahawa ya mlimani na somo lake kwa biashara zetu akina mama



Tumefika mwaka huu wa kumi tukiwa wazima na kikundi chetu kikiwa kizima. Vikundi vingi huanza kwa vigelegele na kufa kabla ya miaka mitatu. Chetu bado kipo. Sanduku lipo, kufuli zake tatu zipo, na washika funguo tunajuana kwa majina.

Katika kitabu hiki wenzetu wameshaeleza habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Sisi tulipewa kazi ya kuandika historia. Tumeona tusiishie kwenye miaka kumi yetu, maana ni michache. Tumerudi nyuma kuangalia jinsi wazee wetu hapa Kilimanjaro walivyoitoa kahawa kihambani wakaifikisha ng'ambo. Sababu ni kwamba mkutano mkuu unaokuja una jambo zito la kuamua. Je, fedha zetu ziendelee kuwa za ada za watoto na mtaji wa gengeni tu? Au tutenge mfuko wa kuzishika mkono biashara za wanachama zinazotaka kutoka nje ya kijiji, nje ya mkoa, na hata nje ya nchi? Kabla ya kunyoosha mikono, ni vizuri tujue waliotutangulia walipita wapi.

Wazee walianza na pampu ya dawa

Kahawa ililetwa huku mlimani na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, nchi ilipokuwa chini ya Waingereza, wenyeji wakaanza kuipanda kwa wingi katikati ya migomba. Bwana Charles Dundas, aliyekuwa ofisa wa serikali hapa Moshi, aliwapa moyo. Walowezi wengi hawakupenda. Walisema mashamba ya wenyeji yataleta wadudu na magonjwa na kuharibu kahawa yao. Lakini kila mtu alielewa kwamba shida nyingine ilikuwa ushindani, na kwamba mwenye kahawa yake mwenyewe haendi tena kufanya kibarua kwa mlowezi.

Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, kilichoitwa kwa kifupi KNPA, chini ya uongozi wa mzee Joseph Merinyo. Sasa tuangalie walianza na nini. Hawakuanza kwa kumtafuta mnunuzi London. Walianza na pampu na dawa ya wadudu, kitu ambacho mtu mmoja mwenye miti michache asingeweza kununua peke yake. Waliitengeneza kahawa yao kwanza, ndipo wakaja kwenye habari ya kuikusanya na kuiuza pamoja.

Njia ya kufikia bahari ilikuwa ipo tayari. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilikuwa imeshafika Moshi kabla ya vita, na wakati wa vita Waingereza wakaiunganisha na reli ya Voi, ikawa mtu anaweza kupeleka mzigo hata Mombasa. Lakini reli haimsaidii mwenye debe mbili. Treni inataka magunia mengi na meli inataka mengi zaidi. Hapo ndipo wazee walipoona kwamba njia kuwepo ni jambo moja, na kuwa na mzigo wa kutosha kuipita ni jambo jingine.

Chama kile cha kwanza kilipata matatizo ya fedha na ya uongozi. Mwaka 1932 ilitungwa sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 ukaundwa Muungano wa ushirika unaojulikana mpaka leo kwa jina la KNCU, ukiwa na vyama vya msingi huko vijijini. Meneja wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Bwana A. L. B. Bennett.

Mikono mingi katika gunia moja

Tuliokulia mlimani tunaijua kazi ya kahawa kwa mikono yetu. Unachuma iliyoiva tu, unaimenya kwa mashine ya mkono, unaiacha ichachuke mpaka ule utelezi utoke, unaiosha kwa maji safi, unaianika juani kwenye kichanja na kuigeuza kila mara. Ukizembea hatua moja, harufu inaharibika, na gunia lako linaweza kuharibu na ya jirani.

Baada ya hapo kahawa inakwenda chama cha msingi. Inapimwa, inaandikwa, inapelekwa Moshi kiwandani kukobolewa na kupangwa kwa madaraja kufuatana na ukubwa na uzuri wa punje. Kuna watu kazi yao ni kuionja tu, maana mnunuzi wa ng'ambo hanunui maneno, ananunua kikombe. Ndipo inaingia mnadani, na kutoka hapo inasafiri kwenda Ulaya, Japani na kwingineko. Huko Japani jina la Kilimanjaro limekuwa maarufu sana kwenye kahawa, hata kahawa ya arabika kutoka mikoa mingine ya Tanzania inauzwa kwa jina hilo. Jina zuri nalo ni mali.

Lakini mkono muhimu kuliko yote, kwa maoni yetu, ulikuwa ule wa kusubiri. Mnunuzi wa mbali halipi siku unayopima kahawa. Mkulima naye ana ada, ana mgonjwa, ana chumvi ya kununua. Ushirika ukaweka utaratibu wa kulipa kwa awamu. Kwanza malipo ya awali, mkulima apate cha kushika. Kahawa ikishauzwa, malipo ya pili. Na mwisho wa hesabu, kama kuna ziada, yanakuja majaliwa. Bila hayo malipo ya awali, mkulima angemuuzia mtu wa kwanza anayepita na fedha mkononi, kwa bei yoyote. Wengi wetu tumeona hata leo ndizi zikiuzwa hivyo, mkungu ukiwa bado mgombani.

Kwa hiyo mkulima mdogo hakufika ng'ambo kwa ushujaa wake peke yake. Alishikwa mkono kwenye dawa, kwenye ubora, kwenye kukusanya, kwenye usafiri, kwenye kusubiri na kwenye kumpata mnunuzi. Mkono mmoja ukikosekana, gunia linabaki ghalani.

Msaada bila sauti ya wenyewe

Historia hii ina machungu yake pia, na ni haki kuyasema. Katika miaka ya 1930 wakulima walilazimishwa kuuza kupitia ushirika tu. Bei ilipokuwa mbaya walikosa pa kusemea, na mwaka 1937 hasira zikalipuka hata baadhi ya maghala ya vyama yakavamiwa. Kumbe hata chombo kizuri, mtu akiingizwa kwa nguvu, anakiona si chake.

Baada ya vita ya pili bei ilipanda na ushirika ukapata nguvu. Watoto wa mlimani walisomeshwa kwa kahawa. Mwaka 1963 kikaanzishwa Chuo cha Ushirika Moshi, ambacho tangu mwaka 2014 ni chuo kikuu kamili. Lakini mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za serikali. Mamlaka zile zilikuwa mbali na mkulima. Sheria mpya ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua njia ya kuvirudisha, na KNCU ikarudi mwaka 1984.

Halafu mwaka 1989 yakavunjika yale makubaliano ya dunia yaliyokuwa yanagawa kiasi ambacho kila nchi inauza nje. Bei ikaanguka. Kuanzia msimu wa 1994 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa vijijini. Wengine walifurahi kupata fedha taslimu papo hapo. Lakini pembejeo za mkopo zilipungua, na bei ilipoanguka tena vibaya mwaka 2001, wapo waliong'oa mibuni wakapanda nyanya na migomba zaidi. Ushirika wenyewe ulitafuta wanunuzi wa biashara ya haki, wale wanaokubali kulipa nyongeza kwa wakulima wadogo. Hiyo ilisaidia, ingawa haikuziba pengo lote.

Akina mama walikuwa wapi?

Katika habari zote hizi jina la mwanamke halionekani. Mibuni ilikuwa ya baba. Kihamba kilirithiwa na watoto wa kiume. Aliyeandikwa kwenye daftari la chama ni baba, na fedha za kahawa zililipwa kwa baba. Lakini aliyechuma ni nani? Aliyebeba maji ya kuoshea ni nani? Aliyegeuza kahawa kichanjani na kukimbia kuifunika mvua ikitisha ni nani? Jibu tunalijua sote.

Mama alikuwa na ndizi, maharage na maziwa. Hivyo ndivyo alivyopeleka sokoni, Kiboriloni, Mwika, Marangu na kwingineko, na hivyo ndivyo vilivyonunua chumvi, mafuta ya taa na daftari. Kahawa ilipata chama, kiwanda, mnada na chuo. Ndizi ya mama haikupata hata kibanda cha kujikinga na jua. Hatusemi hili kwa kulaumu wazee. Tunasema ili tujue kwamba biashara ya mwanamke haikubaki ndogo kwa sababu mwanamke hana akili ya biashara. Ilibaki ndogo kwa sababu haikushikwa mkono.

Milango iliyopo leo

Siku hizi mambo yamebadilika. Kuna SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, inayofundisha usindikaji na ufungashaji. Kuna TBS kwa ajili ya alama ya ubora, na mjasiriamali mdogo akipita SIDO anasaidiwa kuifikia. Kuna BRELA ya kusajili jina la biashara, na TanTrade inayosimamia maonyesho ya Sabasaba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi kama chetu. Na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake.

Mpaka nao uko jirani. Wakubwa wetu wanakumbuka mpaka wa Kenya ulipofungwa kuanzia 1977 mpaka 1983, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Tangu 2005 kuna umoja wa forodha wa Afrika Mashariki, na pale Holili na Taveta kuna kituo cha pamoja cha forodha. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki za thamani isiyozidi dola 2,000 anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Wapo akina mama wengi wasiolijua hili, wanapita njia za panya na kunyang'anywa mzigo.

Lakini milango kuwa wazi haitoshi, kama vile reli haikumtosha mwenye debe mbili. Mwenzetu mmoja anayesaga unga wa ndizi alipeleka unga wake kwenye duka moja kubwa mjini. Waliusifu, kisha wakaurudisha, kwa sababu hauna alama ya ubora na mifuko haina tarehe. Kurekebisha hayo kunataka fedha na muda, na duka hulipa baada ya wiki kadhaa. Unga wenyewe ulikuwa mzuri. Mikono ya kuushika ndiyo iliyokosekana.

Tunapendekeza nini

Tunajua wapo wanachama wenye wasiwasi. Wanasema fedha za hisa ni jasho la wote, zisije zikapotelea kwenye biashara ya mmoja. Wasiwasi huo ni wa haki na usidharauliwe. Kwa hiyo tunapendekeza hivi:

Kwanza, hisa zisiguswe. Mfuko wa kukuza biashara uwe mbali, utokane na sehemu ya faida ya mikopo ambayo mkutano wenyewe utaikubali, na uwe na daftari lake.

Pili, tuanze na ubora kama wazee walivyoanza na pampu. Mfuko ulipie kwanza mafunzo, vipimo, mifuko na lebo. Kutangaza kuje baadaye.

Tatu, wenye bidhaa moja wakusanye pamoja. Wasagaji wa unga wa ndizi wawe na kipimo kimoja na jina moja. Oda kubwa haiwezi kujazwa na mama mmoja.

Nne, mfuko utoe malipo ya awali kwa bidhaa iliyokwisha kupokelewa na mnunuzi aliyeandikiana nasi, ili mama asiuze kwa hasara kwa sababu ya njaa ya leo.

Tano, twende hatua kwa hatua. Tuishibishe wilaya kwanza, halafu Arusha na Dar es Salaam, halafu Taveta na Nairobi. Ng'ambo tutafika tukiwa tumeshazoea kuhesabu.

Sita, na hili ni kubwa, asilazimishwe mtu. Anayetaka kubaki na genge lake abaki kwa heshima ile ile. Na maamuzi yote yafanywe hapa kwenye duara letu, mbele ya sanduku, kila mmoja akiwa na sauti.

Ndugu zetu, wazee wetu waliifikisha kahawa ng'ambo wakati ambapo wengi wao hawakujua kusoma. Sisi tunajua kusoma, tuna simu, tuna sheria inayotutambua, na tuna miaka kumi ya kuaminiana, ambayo ndiyo mtaji mgumu kuupata kuliko fedha. Njooni kwenye mkutano mkuu mkiwa mmelifikiria jambo hili. Semeni mnaloliona, hata kama ni kinyume na letu. Kura zitakazopigwa siku hiyo ndizo zitakazoongoza kikundi.

 



Mwenyekiti, kwa niaba ya kikundi