Majina ya Njiani Kilimanjaro

Wengi wetu wa mjini Mlima Kilimanjaro tunaujua kwa picha ya ukutani. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipolipa kiingilio pale Marangu nikapanda kwa miguu hadi kituo cha kwanza, Mandara, mita 2,720, magoti yakinigonga.

Kituo hicho zamani kiliitwa Bismarck, mkubwa wa Ujerumani ambaye hakukanyaga Afrika hata siku moja. Hilo si neno. Lakini cha pili, kwenye mita 3,720, kiliitwa Peters. Huyu Carl Peters alikuja kuitawala Kilimanjaro mwaka 1891, akamnyonga mtumishi wake, kisha akamnyonga na binti aliyekuwa amemweka kimada. Mwaka 1897 serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi. Hata hivyo kibanda kikapewa jina lake, na Waingereza walipoingia wakaliacha hivyo hivyo!

Kilele, ambacho Hans Meyer alikiita kwa jina la Kaisari wake mwaka 1889, tulikigeuza kuwa Uhuru tulipojitawala mwaka 1961. Vituo navyo vikarudi kwa wenyewe: Mandara ni Mangi Rindi wa Moshi, na Horombo ni Mangi wa Keni kule Rombo.

Wakati nikipumzika, kijana mpagazi alinipita na mzigo kichwani, akielekea juu. Nikamwuliza, "Kijana, Horombo ni nani?"

Akacheka kwa adabu. "Si mtu, mzee. Ni pale tunapolala."