Inua Jamii

Inua Jamii ni mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa fedha taslimu wazee, walezi wa watoto yatima na watu wenye ulemavu mkubwa wanaoishi katika umaskini. Msingi wake ni Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, inayotambua haki ya hifadhi ya jamii. Kiwango cha kawaida ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwaka 2018 malipo yalifunguliwa kwa Wakenya waliotimiza miaka 70, bila kupimwa umaskini wao.

Katika wadi ya Nyakoe, eneo bunge la Kitutu Chache Kusini, kaunti ya Kisii, kama kwingineko nchini, utekelezaji huanzia kwa chifu na naibu wake. Hao ndio hutangaza usajili barazani, na maafisa wa maendeleo ya jamii huhakiki majina. Kasoro kubwa zimo zaidi katika hatua hizi za chini kuliko katika sera yenyewe: umri ulioandikwa vibaya kwenye kitambulisho humwondoa mzee anayestahili, alama za vidole zilizosuguliwa na kazi ya shamba hukataliwa na mashine, na fedha hucheleweshwa hadi miezi kadhaa ilipwe kwa mkupuo. Mzee asiyeweza kusafiri huruhusiwa kuteua mlezi wa kumpokelea. Kamati za wanufaika, zinazochaguliwa na walengwa wenyewe, hupokea malalamiko na kuyafikisha kwa afisa wa kaunti ndogo.