Lukasa, ubao wa kumbukumbu wa Waluba

Lukasa ni ubao wa mti wa kushikwa kiganjani, ambao Waluba wa Katanga ya kaskazini waliutumia kutunza historia ya ufalme wao. Mmoja ulio maarufu sana, unaohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Brooklyn huko New York, una urefu wa sentimita 25 hivi na upana usiozidi 15. Kiunoni umebanwa, ncha zake mbili zimetanuka. Usoni umepigiliwa shanga za rangi na vipande vya chuma. Mgongoni umechanjwa mistari inayofuata sura ya gamba la kobe. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia kutoka ushanga hadi ushanga, huku akisimulia au akiimba kila alipogusa.

Nchi iliyozaa ubao huu ni bonde la Upemba, mahali ambapo mto Lualaba hutapakaa na kufanya mlolongo wa maziwa na mabwawa. Kinkondja ipo kando ya mojawapo ya maziwa hayo, Kisale, ambalo mafunjo yake hushikamana yakawa visiwa vinavyoelea, na wavuvi hujenga vibanda juu yake. Samaki wa huku, aliyekaushwa au kubanikwa kwa moshi, ndiye aliyelisha biashara ya bonde kwa karne nyingi kabla ya kulisha miji ya migodi. Sanga, penye makaburi ya kale yanayojulikana kuliko yote katika bonde hilo, papo hapo ziwani. Jacques Nenquin alichimba Sanga mwaka 1957, Jean Hiernaux akafuata mwaka 1958, na Pierre de Maret akaendeleza kazi katika miaka ya 1970. Makaburi hayo yalionyesha kwamba watu waliishi bondeni bila kukatika tangu milenia ya kwanza, wakizika wafu wao na vyungu, mapambo ya shaba na, baadaye, misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Humo zilikutwa pia kauri za Bahari ya Hindi. Bonde lilikuwa mbali na pwani, ila halikuwa limetengwa nayo.

Juu ya msingi huo ulijengwa ufalme wa Waluba, na ufalme ukahitaji watu wa kuukumbuka. Kazi hiyo ilishikwa na chama cha mbudye. Mtu aliingizwa kwa hatua, na katika hatua hizo alionyeshwa michoro ya ukutani, akafundishwa ngoma na nyimbo, akapewa siri kidogo kidogo. Kusoma lukasa kulikuwa juu kabisa ya ngazi, na wachache tu walifika. Mfalme mwenyewe alipaswa kuingizwa chamani, na hapo ndipo nguvu ya mbudye ilipokuwa. Waliokuwa na ubao mkononi walijua namna wafalme waliomtangulia walivyotawazwa na miiko waliyowekewa, hivyo waliweza kumpima kwa vipimo asivyovitunga yeye.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mwanzo wa ufalme. Nkongolo Mwamba, mtawala mwekundu na mkatili, alimkaribisha Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki. Mbidi akaoa dada zake Nkongolo, na mmoja wao, Bulanda, akamzaa Kalala Ilunga. Kijana alipokua na kuwa shujaa, mjomba aliingiwa na hofu. Alichimba shimo, akasimika mikuki ndani, akalifunika mkeka, kisha akamwalika mpwa wake kucheza ngoma juu yake. Mpiga ngoma akamwonya kwa milio. Kalala akakimbia, akavuka Lualaba kwenda kwa baba yake, akarudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa.

Ubao hauandiki kisa hicho. Unakiitia tu. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ni mtawala na watu wake wa baraza. Mstari wa shanga ni njia au safari. Rangi nyekundu humkumbusha msomaji Nkongolo. Maana haikai ndani ya ushanga peke yake, hukaa mahali ulipopigiliwa na majirani ulionao. Kwa kuwa uso wa ubao ni mdogo wa kushikika kwa mkono mmoja, alama zililazimika kuwa chache, na kila moja ilibeba mengi. Ufinyu huo ndio uliouweka ubao katika hali ya kusomeka.

Lililozidi ubao lilipewa chombo kingine. Thomas Reefe, aliyechapisha utafiti wake juu ya lukasa mwaka 1977, alieleza aina tatu. Moja ilihusu mashujaa wa kale na njia za uhamaji, ya pili ilihusu mpangilio wa chama chenyewe cha mbudye, na ya tatu ilihusu vitenta, yaani makao ya wafalme waliokufa, ambako mwanamke aitwaye mwadi alibeba roho ya marehemu. Fimbo za wenye vyeo nazo zilichongwa ili zisomwe, na zilikuwa na habari za ukoo mmoja au cheo kimoja. Hakuna aliyejaribu kuweka kila kitu juu ya ubao mmoja.

Tatizo hilohilo la kutia mengi juu ya uso mdogo lilizuka upya mbali sana na Kisale, mwaka 1981, kampuni ya Xerox ilipouza kompyuta iitwayo Star. Skrini yake ilifanywa mfano wa meza ya ofisi, na juu yake zikawekwa picha ndogo za karatasi, folda na vikapu vya barua. Macintosh ya 1984 iliuingiza mtindo huo majumbani, na Windows 95 ikaueneza duniani kote. Baada ya miaka michache meza hizo zilijaa. Kila programu iliyowekwa iliacha aikoni yake, iwe imeombwa au la. Windows XP ya 2001 ilileta dawa ya kiotomatiki: kila baada ya siku 60 ilijitolea kukusanya njia za mkato zisizotumika na kuzitia katika folda moja. Programu zenyewe hazikuguswa, maana njia ya mkato, kama ushanga, huonyesha tu kitu kilipo.

Kipimo cha Windows kilikuwa matumizi: kisichobofywa kiondoke. Kwa kipimo hicho lukasa ingebaki tupu, kwa sababu mambo yake mazito, kama taratibu za kumtawaza mfalme, yaliguswa mara moja katika kizazi. Wambudye, yaani wanachama wa mbudye, walipima kwa uzito, na aliyepanga alikuwa na idhini ya kupanga. Kompyuta ya nyumbani haina mtu wa namna hiyo. Mtengenezaji wa programu, mtoto na mgeni wote hupigilia wapendapo.

Shanga za lukasa zenyewe zina historia. Nyingi zilifika kwa wafanyabiashara wa pande zote mbili za bara. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Kilemba, Ulubani, mwaka 1874, alimkuta mfanyabiashara wa pwani, Juma Merikani, amekwisha kuweka kituo karibu na makao ya mfalme Kasongo Kalombo. Cameron alitamani kufika Kisale, lakini hakufanikiwa. Biashara iliyoleta shanga iliambatana na bunduki na utumwa, na baada ya Kasongo Kalombo warithi walipigana hadi ufalme ukasambaratika. Watawala wa Kibelgiji na wamisionari waliokuja baadaye hawakukitazama kwa jicho jema chama chenye siri.

Mbao nyingi zilichukuliwa kwenda Ulaya na Marekani bila usomaji wake kuandikwa. Hasara hiyo haiwezi kufidiwa kwa kumtafuta msomaji mwingine, kwa kuwa ubao mmoja haukuwa na usomaji mmoja. Msomaji alifuata hadhira, tukio na nchi aliyosimama. Kwenye baraza la ziwani alama ileile iliweza kumleta mtawala asiyetajwa kwenye baraza la kaskazini. Mary Nooter Roberts, aliyefanya utafiti Ulubani mwishoni mwa miaka ya 1980, bado aliwakuta wambudye wenye kuisoma lukasa. Matokeo yake yaliingia katika maonyesho ya mwaka 1996 huko New York, aliyoyaandaa pamoja na Allen F. Roberts, na katika kitabu kilichoambatana nayo, ambacho kinazieleza mbao hizo pamoja na fimbo, viti na vibuyu vya wapiga ramli kama sehemu za utaratibu mmoja wa kukumbuka.